Wapigaji wa mikwaju katika futiboli ya vyuo vya Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani huchezwa zaidi siku ya Jumamosi, kuanzia mwishoni mwa Agosti. Kwa mtazamaji aliyeko Nairobi au Dar es Salaam, mechi ya saa sita mchana ya New York mwezi Septemba inaanza saa moja jioni, na zile kubwa za usiku zinamkuta Jumapili alfajiri akipigana na usingizi. Kesho yake maswali ni yaleyale, na mengi yanamhusu mtu mmoja: yule kijana mwenye jezi isiyo na tope ambaye anaingia uwanjani mara tano au sita tu, na akikosa mara moja anabebeshwa mechi nzima. Majibu yafuatayo yanamhusu yeye.

Mkwaju wa pointi tatu ni upi, na ule umbali unaotangazwa unapimwa kutoka wapi?

Timu hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ikikwama na kufika jaribio la nne huku iko karibu na goli, inaweza kumwita mpigaji apitishe mpira kati ya nguzo mbili, juu ya mtambaapanya. Ukipita ni pointi tatu.

Anayefuatilia raga hatapotea. Nguzo za futiboli ya vyuo zimeachana mita 5.64 na mtambaapanya uko mita 3.05 kutoka ardhini. Za raga ni mita 5.6 na mita 3. Tofauti ni kwamba mpigaji wa penalti kwenye raga anapanga mpira wake, anavuta pumzi, na wapinzani wanasimama kumtazama. Huku, mpira unarushwa nyuma, mwenzake anaudaka na kuusimamisha, na watu kumi na mmoja wanamjia kwa kasi. Kuanzia mpira kurushwa hadi kupigwa, muda wote ni kama sekunde moja na robo au moja na theluthi.

Umbali unapimwa kutoka pale mpira unaposimamishwa. Hapo ni yadi 7 au 8 nyuma ya mstari wa kuanzia mchezo, na nguzo zenyewe ziko mwisho wa eneo la tachidauni (pale timu inapofunga kwa kuuingiza mpira) lenye kina cha yadi 10. Kwa hiyo chukua yadi zilizobaki, ongeza 17 au 18. Mpira ukiwa kwenye yadi ya 20, huo ni mkwaju wa yadi 37 hivi, sawa na mita 34.

Kwa jumla, mpigaji wa chuo anaaminika kiasi gani?

Kwa timu za daraja la juu, mikwaju takriban mitatu kati ya minne inapita. Kwenye ligi ya kulipwa, NFL, ni karibu asilimia 85.

Lakini wastani huo unachanganya vitu visivyofanana. Chini ya yadi 30, mpigaji wa chuo anatarajiwa kupata karibu kila mara. Kati ya 30 na 39 bado yuko vizuri. Akiingia kwenye arobaini na kitu, hesabu ni kama mara mbili kwa tatu, na akivuka 50, chuoni ni kama kurusha shilingi, tena shilingi yenyewe mara nyingi inaangukia upande mbaya. Ukisikia mtangazaji anasema "huyu ana asilimia 80 msimu huu" bila kutaja umbali, hujaambiwa kitu. Kuna mpigaji mwenye asilimia 80 kwa sababu kocha wake hamtumi nje ya yadi 40, na kuna mwenye 70 anayetumwa kila mara kutoka 50. Mimi ningemchukua huyo wa pili.

Kwa nini wa NFL wanawazidi sana?

Sababu ya kwanza ni mchujo. Timu za daraja la juu la vyuo ni zaidi ya 130. NFL ina timu 32, na kila moja kwa kawaida ina mpigaji mmoja. Wanaobaki ni wale waliokwisha kupepetwa, tena wengi wanaendelea hadi miaka ya thelathini na kitu wakati yule wa chuo ana miaka 19 na mtihani wa uhasibu Jumatatu.

Sababu ya pili watazamaji wengi hawaioni, nayo ni pembe. Katikati ya uwanja kuna safu mbili za vistari vifupi. Mchezo ukiishia pembeni, mpira unarudishwa kwenye safu iliyo karibu na ndipo jaribio linalofuata linapoanzia. NFL safu hizo zimeachana futi 18 na inchi 6, upana uleule wa nguzo, kwa hiyo mpigaji wao hata akiwekwa pembeni bado anatazamana na nguzo. Vyuoni zimeachana futi 40. Mpigaji wa chuo anaweza kujikuta mita 6 nje ya katikati.

Ajabu yake ni kwamba pembe inauma zaidi karibu. Kwa yadi 20, mpira ukiwa kwenye safu ya pembeni, inabidi aelekeze mguu kama nyuzi 18 kutoka kwenye mwelekeo wa uwanja. Kwa yadi 40 zinashuka hadi 9 au 10. Ndiyo maana utaona kijana anakosa mkwaju ambao kila mtu sebuleni anasema hata bibi yake angepata. Tena, kabla ya 1993 safu hizo za vyuo zilikuwa zimeachana zaidi, futi 53 na inchi 4. Wa leo wana nafuu.

Ni kweli kwamba vyuo vilibadilisha upana wa nguzo na mtu akapoteza mechi kwa sababu hiyo?

Ni kweli, na kisa chenyewe hakijasahaulika Florida. Mwaka 1959 vyuo vilipanua nguzo kutoka futi 18 na inchi 6 hadi futi 23 na inchi 4. Wapigaji wakazoea raha. Mwaka 1989 wakanyang'anywa kile kitako kidogo cha kuwekea mpira, ikabidi wapige moja kwa moja kutoka ardhini, kisha mwaka 1991 nguzo zikarudishwa kwenye upana wa zamani. Kila upande ulipungua karibu sentimita 74.

Novemba 16 mwaka huohuo wa 1991, Florida State walikuwa nyuma 17–16 dhidi ya Miami, mechi ya wakubwa wawili, sekunde zinayoyoma. Gerry Thomas, aliyekuwa amepata mikwaju mitatu siku hiyo, akapiga wa yadi 34. Ukapita nje kidogo tu ya nguzo ya kulia. Kwa nguzo za mwaka uliotangulia ungehesabiwa.

Jambo la kusikitisha ni kwamba haukuwa mwisho. Mwaka 1992, dhidi ya Miami haohao, Dan Mowrey alipiga wa yadi 39, kulia tena, Florida State wakalala 19–16. Mwaka 2000 Matt Munyon akapiga wa yadi 49, kulia, 27–24. Mwaka 2002 Xavier Beitia akapiga wa yadi 43 na huo, kwa mabadiliko, ukatoka kushoto, 28–27. Mechi nne, wapigaji wanne, miaka kumi na moja. Mashabiki walizungumza kama vile uwanja una jini. Ukweli ni kwamba mikwaju miwili kati ya hiyo ilikuwa ya zaidi ya yadi 40 na mmoja ulikuwa wa 39, umbali ambao kukosa ni jambo la kawaida. Kinachoshangaza ni kwamba timu yenye vipaji vile ilijikuta mara nne inategemea mkwaju wa mwisho.

Chuo hichohicho si ndicho kilichotoa wapigaji bora?

Ndicho. Tuzo ya mpigaji bora wa vyuo, Lou Groza Award, ilianza 1992, na Sebastian Janikowski wa Florida State, kijana mzaliwa wa Poland, aliichukua mara mbili mfululizo, 1998 na 1999. Raiders wa Oakland wakamchagua raundi ya kwanza ya drafti ya 2000, yaani zamu za timu za NFL kuchagua wachezaji wapya, nafasi ya 17, jambo ambalo kwa mpigaji ni nadra mno.

Halafu akaja Roberto Aguayo, na kwake nitakaa kidogo, kwa sababu kisa chake kinafundisha kuhusu kuaminika kuliko takwimu zote.

Alicheza misimu mitatu, 2013 hadi 2015. Msimu wa kwanza tu akachukua Lou Groza na timu ikawa bingwa wa taifa. Mikwaju ya nyongeza, ile ya pointi moja baada ya tachidauni, alipiga 198, akapata yote 198. Mikwaju ya pointi tatu alipata 69 kati ya 78, zaidi ya asilimia 88. Tampa Bay Buccaneers wakaona huyu hakosi. Mwaka 2016 wakatoa nafasi za ziada za drafti ili wasogee mbele, wakamchukua raundi ya pili, nafasi ya 59. Msimu wake wa kwanza alipata 22 kati ya 31, asilimia 71, na Agosti 2017 wakamwachia.

Watu walisema ni kichwa, presha, pesa. Huenda. Lakini hebu fungua zile 78 za chuoni. Ndani ya yadi 40 alipiga 49 akapata zote 49. Kuanzia yadi 40 kwenda mbele alipata 20 kati ya 29, yaani asilimia 69. Hiyo ni rekodi nzuri kwa mwanafunzi, si ya ajabu. Kilichoifanya jumla ing'ae ni zile 49 za karibu. Kwenye NFL mpigaji anaajiriwa kwa ajili ya zile za mbali, maana za karibu kila mtu anapata. Dalili ilikuwa imeandikwa waziwazi kwenye karatasi zao kabla hawajatoa zile nafasi.

Basi nikitaka kumpima mpigaji, asilimia ya msimu mmoja haitoshi?

Haitoshi hata kidogo. Mpigaji wa chuo anapata nafasi kama 20 kwa msimu. Chukua kijana ambaye kipaji chake cha kweli ni kupata mara tatu kwa nne. Utatarajia apate 15. Lakini kwa bahati tu, bila kubadilika chochote mguuni, mwaka mmoja anaweza kupata 13 na mwingine 17. Ya kwanza ni asilimia 65, ya pili ni 85. Mwaka wa kwanza watamtafutia mbadala, mwaka wa pili watampigia kura ya tuzo, na ni mtu yuleyule.

Kwa sababu hii huwa siamini orodha za "wapigaji kumi bora" zinazotolewa katikati ya Oktoba, wakati wengine hawajafikisha hata mikwaju kumi. Mikwaju 60 au 70 ya misimu mitatu, imegawanywa kwa umbali, inaanza kusema ukweli.

Mkwaju ukikosa, kosa ni la mpigaji peke yake?

Mara nyingi kamera inamwonyesha yeye, lakini mkwaju una watu watatu. Kuna anayerusha mpira kupitia katikati ya miguu yake. Kuna anayepiga goti, anaudaka, anausimamisha na kuuzungusha ili nyuzi zake zielekee golini, zisimwelekee mpigaji. Ndipo mguu unapofika. Mpira ukirushwa juu kidogo au kwenye kifundo cha mguu, yule aliyepiga goti anachelewa, na mpigaji ambaye tayari ameanza hatua zake inabidi ama asite ama apige kitu ambacho bado hakijatulia.

Hesabu za pembe zinaeleza mengi. Ukiwa katikati ya uwanja, yadi 35 kutoka kwenye nguzo, una nafasi ya kukosea kama nyuzi 5 kila upande. Yadi 45 ni chini ya nyuzi 4. Mpira uliolala vibaya unatosha kuzimaliza zote.

Halafu kuna kuzuiwa. Kwenye takwimu, mkwaju uliozuiwa unaandikwa kwa jina la mpigaji kama amekosa, hata kama aliyeacha mlango wazi ni jitu la kilo 140 kwenye mstari. Wakati mwingine ni kosa la mpigaji kweli: akitafuta umbali mkubwa anaupiga mpira chini chini, na mikono inaufikia. Ili kujua, itazame marudio mara mbili, mara ya kwanza ukimwangalia mrushaji tu.

Presha inawaharibu kweli, au ni maneno ya watangazaji?

Presha ipo, ila sidhani inafanya kazi kama inavyosimuliwa. Mfano unaotajwa zaidi ni Boise State, Novemba 26, 2010, jijini Reno dhidi ya Nevada. Boise walikuwa hawajafungwa msimu ule na walikuwa wanaota kupanda hadi kwenye mechi kubwa za Januari. Matokeo yakiwa 31–31, Kyle Brotzman akapewa mkwaju wa yadi 26 wa kumaliza mechi. Akakosa. Muda wa nyongeza akapewa wa yadi 29. Akakosa tena. Nevada wakapiga wao wa yadi 34, wakashinda 34–31, na Boise wakaangukia mechi ya Desemba Las Vegas.

Mbili za karibu kwa usiku mmoja, hapo siwezi kumtetea kwa hesabu. Lakini Januari ya mwaka huohuo, kwenye Fiesta Bowl dhidi ya TCU, Brotzman huyohuyo alidanganya kama anapiga mpira mbali ili kuwaachia wapinzani kwenye jaribio la nne kisha akaurusha kwa mkono, jaribio likafanikiwa na likawafungulia njia ya tachidauni iliyowapa ushindi. Mtu anayeogopa taa hafanyi hivyo. Mwaka mmoja, mtu mmoja, shujaa Januari na wa kulaumiwa Novemba.

Makocha wana kamchezo ka kuomba mapumziko mafupi sekunde ileile mpigaji anapokaribia kupiga, eti akae afikirie. Hakamuumizi mpigaji kila mara. Kuna wakati anapiga hata baada ya filimbi, anaona upepo unapeleka wapi, kisha anarudia kwa bei ya bure.

Mpigaji akiharibikiwa anaweza kurudi?

Anaweza. Mwaka 2012 Penn State walipewa adhabu kali na wachezaji wakaruhusiwa kuhama bila kukaa nje msimu. Mpigaji wao mkuu akaenda Texas. Akabaki Sam Ficken, ambaye mapema Septemba, ugenini kwa Virginia, alikosa mikwaju minne kati ya mitano, ule wa mwisho ukiwa wa yadi 42, na timu ikafungwa 17–16. Chuki aliyoipata mtandaoni ilikuwa ya aibu.

Kocha hakumtupa. Ficken alimaliza msimu uleule kwa kupata kumi mfululizo, wa mwisho ukiwa ule wa muda wa nyongeza uliowaua Wisconsin 24–21. Agosti 30, 2014, kwenye uwanja wa Croke Park jijini Dublin, alipiga wa yadi 36 muda ukiisha, Penn State 26, UCF 24. Baadaye akafika NFL. Kama angehukumiwa kwa ile Jumamosi ya Virginia, hayo yote yasingekuwepo.

Kwa nini Alabama, yenye kila kitu, iliteseka na wapigaji?

Kipindi cha 2011 hadi 2013 ndicho kinachokumbukwa. Novemba 5, 2011 dhidi ya LSU, walikosa mikwaju minne wakafungwa 9–6 muda wa nyongeza. Kabla ya kucheka, angalia umbali: yote minne ilikuwa kati ya yadi 44 na 52. Kocha alikuwa anawatuma vijana kwenye eneo la shilingi. Januari iliyofuata wakakutana na LSU kwenye fainali ya taifa, Jeremy Shelley akapiga saba akapata tano, Alabama 21, LSU 0. Tena siku hiyo Shelley alikosa mkwaju wa nyongeza, ule mwepesi kabisa. Nani anaukumbuka?

Kisha Novemba 30, 2013, ugenini kwa Auburn. Cade Foster alikosa miwili na mmoja ukazuiwa. Matokeo 28–28, kocha Nick Saban akabishana na marefa hadi akarudishiwa sekunde moja kwenye saa, na akaitumia kwa mkwaju wa yadi 57, akimpa Adam Griffith, kijana ambaye hakuwa mpigaji mkuu. Ukafika mfupi. Hapa kuna kanuni ambayo wageni wa mchezo hawaijui: mkwaju usiofika ni mpira hai. Chris Davis wa Auburn alikuwa amesimama mwisho kabisa wa eneo la tachidauni, akaudaka, akakimbia uwanja mzima. Walioko uwanjani kwa upande wa Alabama walikuwa majitu ya kulinda mkwaju, hawana mbio za kumfukuza mtu. Auburn 34–28, na Alabama, bingwa wa miaka miwili mfululizo, hakufika fainali.

Foster alitumiwa vitisho vya kuuawa. Pia alipata barua iliyoandikwa kwa mkono na George W. Bush, rais wa 43, kumtia moyo. Foster alivaa jezi namba 43. Kwangu mimi hoja ya usiku ule ni ya kocha. Yadi 57, kwa kijana asiye na uzoefu, huku ukijua mpira mfupi unaweza kurudishwa. Mpigaji alifanya kile ambacho wapigaji wengi wa chuo wangefanya.

Chuo kinacholipa kocha mamilioni, kwa nini kisinunue mpigaji wa uhakika?

Kwa miaka mingi timu ya daraja la juu ilikuwa na nafasi 85 za ufadhili wa masomo. Kocha akipiga hesabu, aliona afadhali ampe beki au mlinzi kuliko kijana anayecheza dakika chache, kwa hiyo wapigaji wengi walijiunga wakijilipia ada, wakapewa ufadhili baada ya kujithibitisha. Kuanzia msimu wa 2025 utaratibu umebadilika: kikosi kina ukomo wa wachezaji 105 na chuo kinaweza kuwafadhili wote. Pia wachezaji sasa wanahama kirahisi, na timu iliyochomwa Novemba inaweza kutafuta mpigaji mzoefu Januari.

Shida haiishi hapo. Kama nilivyosema, namba za msimu mmoja zinadanganya. Unaweza kumnunua aliyepata 17 kati ya 20, ukaletewa wa 13.

Je, makocha waache mikwaju, wajaribu kusonga mbele?

Inategemea, lakini mara nyingi jibu ni ndiyo zaidi ya walivyozoea. Mkwaju wa yadi 42 wenye uwezekano wa asilimia 65 una thamani ya pointi kama mbili. Ukiwa umebakiza yadi moja tu, kujaribu kunaweza kukupa saba. Ukiwa umebakiza nane, piga.

Kwenye vyuo kuna nafuu moja: mkwaju ukikosa bila kuguswa, wapinzani wanaanzia pale jaribio lilipoanzia, au kwenye yadi ya 20 kama ilikuwa karibu zaidi. NFL wanaanzia pale mpira ulipopigiwa, yadi saba au nane bora kwao.

Mkwaju wa nyongeza nao unahesabika kama kipimo?

Si sana. Vyuoni mpira unaanzia yadi ya 3, mkwaju ni wa yadi 20 hivi. NFL waliusogeza hadi yadi ya 15 mwaka 2015 ili usiwe wa bure. Mpigaji wa chuo anayekosa hii mara tatu kwa msimu, hapo shtuka. Na tangu 1988 ukizuiwa vyuoni, wapinzani wakikimbia nao hadi upande wa pili wanapata pointi mbili.

Mchezaji wa kandanda anaweza kuwa mpigaji mzuri?

Mtindo wote wa leo umetoka kwenye kandanda. Zamani walipiga kwa ncha ya kiatu wakija moja kwa moja. Pete Gogolak, mzaliwa wa Hungaria aliyecheza Cornell mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuja kwa pembeni na kupiga kwa juu ya mguu kama mpira wa kona, na mwaka 1964 akaupeleka mtindo huo kwenye futiboli ya kulipwa. Afrika nayo imo: Obed Ariri na Donald Igwebuike, Wanigeria wawili, walikwenda Clemson kwa ajili ya kandanda wakaishia kupiga mikwaju. Igwebuike alikuwa kwenye kikosi kilichotwaa ubingwa wa taifa msimu wa 1981.

Wanawake pia wameingia kwa mlango huu. Katie Hnida wa New Mexico alifunga mikwaju miwili ya nyongeza mwaka 2003, na Sarah Fuller, kipa wa timu ya kandanda ya Vanderbilt, akafunga miwili dhidi ya Tennessee mwaka 2020.

Mkwaju mrefu zaidi wa daraja la juu ni upi?

Yadi 67, na umepigwa mara tatu: Russell Erxleben wa Texas na Steve Little wa Arkansas, wote 1977, na Joe Williams wa Wichita State, 1978. Wote walitumia kitako. Bila kitako, Martin Gramatica wa Kansas State alipiga wa yadi 65 mwaka 1998. Kwangu huo ndio mkubwa zaidi.

Nitazame nini kabla mpira haujapigwa?

Umbali kwanza. Kisha uko kwenye safu ipi, ya kulia, ya kushoto au katikati. Kisha bendera ndogo zilizofungwa juu ya nguzo, maana upepo wa chini na wa juu haufanani. Kama mechi iko Laramie, Wyoming, uwanja ulio mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, mruhusu yadi kadhaa za ziada.

Mpira ukigonga nguzo je?

Ukigonga ukaingia ndani juu ya mtambaapanya, ni pointi tatu. Ukirudi uwanjani, umekosa, na haurudiwi.